Nchi Jirani: Askari na Njia Mpya za Mawasiliano

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya mji wa Durban. Mmoja ni ule uitwao EASSy na wa pili ni Seacom. Siku hiyo hiyo athari zake zilionekana mbali na mahali pa ajali. Tanzania na kisiwa cha Mayotte ziliumia zaidi. Msumbiji na Malawi zikafuata. Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Komoro na Madagaska nazo ziliguswa, kila moja kwa kadiri yake. Hakuna risasi iliyofyatuliwa, wala hakuna mpaka uliovukwa. Hata hivyo shughuli za mabenki, ofisi, bandari na vyombo vya habari zilizorota katika nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Katika mazungumzo yetu ya leo tutalitazama jambo hili kwa jicho la ulinzi. Tunasema hasa na ninyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, mlioko makambini, vituoni, mipakani na kwenye doria. Wengi wetu huyahesabu mabadiliko ya mitambo ya simu kuwa ni habari ya mafundi na wafanyabiashara. Fikira hiyo ina hatari. Kila mara ufundi wa mawasiliano unapopiga hatua mbele, mahali pa kushambuliwa au kuharibika huhama pamoja nao. Mlinzi asiyejua mahali hapo pamehamia wapi, atakesha akilinda nguzo ambayo haina kazi tena, na huku njia yenyewe imeachwa wazi.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na historia fupi, maana historia inaonyesha kwamba jambo hili si geni katika pwani yetu. Waya wa kwanza wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari na kuiunganisha Unguja na Aden ulilazwa mwaka 1879. Tangu hapo habari zilizokuwa zikichukua majuma kadhaa kwa meli zikawa zinafika kwa saa chache. Lakini aliyekuwa na waya alikuwa pia na kitu cha kukatwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, moja ya kazi za mwanzo kabisa za Waingereza, tarehe 5 Agosti, ilikuwa ni kuzikata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Siku tatu baadaye, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam, na miongoni mwa shabaha zake za kwanza kilikuwa kituo cha simu ya upepo cha mji huo. Makamanda wa zama zile walifahamu kwamba jeshi lisiloweza kusemezana ni jeshi lililokwisha kugawanyika.

Baada ya Uhuru, nchi za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendesha posta na simu zao kwa pamoja chini ya shirika moja la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970 kituo cha kupokea mawimbi ya setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na sauti ya mtu ikaanza kupanda kiasi cha kilometa 36,000 angani na kushuka tena kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake. Katika miaka ile ulinzi wa simu ulikuwa rahisi kueleweka. Zilikuwapo nguzo kando ya barabara na reli, nyaya za shaba juu yake, jumba la mitambo mjini, na minara michache ya kupokezana mawimbi juu ya vilima. Askari aliyepita kwa baiskeli aliweza kuona kwa macho yake kama waya umekatwa.

Leo hali ni nyingine kabisa. Simu ya mkononi haina waya, lakini si kweli kwamba haina njia. Inazungumza na mnara ulio karibu. Mnara huo unahitaji umeme, na umeme ukikatika unategemea betri au jenereta. Kutoka hapo mazungumzo husafiri kwa mawimbi au kwa mkongo mpaka kwenye mitambo mikubwa, na yakiwa ya kwenda ng'ambo, huingia baharini. Mkongo wenyewe ni nyuzi za kioo, nyembamba mithili ya unywele, zinazopitisha habari kwa mwanga. Katika bahari ya kina kirefu mkongo huo hauzidi sana unene wa bomba la kumwagilia bustani, nao umelala tu juu ya sakafu ya bahari. Karibu na nchi kavu huvishwa nyaya za chuma na mara nyingi huzikwa. Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano yote baina ya mabara hupita katika mikongo ya namna hii, wala si katika setilaiti kama wengi wanavyodhani.

Mikongo ya aina hiyo ilifika pwani yetu si zamani sana. Mwezi wa Juni 2009 ule uitwao TEAMS, unaotoka Fujairah katika Ghuba, ulifikishwa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Seacom ulianza kazi, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Kabla ya hapo nchi za Afrika ya Mashariki zilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa na kwa nafasi ndogo. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili tu, mzigo wa mawasiliano ya mataifa kadhaa ulihama kutoka angani ukaingia chini ya maji.

Sasa tutazame majirani zetu wamekutana na nini, maana wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tuanze na Kenya. Mwezi wa Februari 2012 mikongo mitatu, EASSy ukiwa mmojawapo, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Kabla madhara hayo hayajatengenezwa, meli moja iliyokuwa ikingojea zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, na nanga ile ikaukata mkongo wa TEAMS. Aliyefanya hivyo hakuwa adui wala jasusi. Alikuwa baharia aliyekuwa akingojea zamu yake. Lakini matokeo yake kwa mwananchi wa Nairobi au wa Kigali yalikuwa sawa na kama njia ile imekatwa kwa makusudi. Ulimwenguni kote mikongo ya baharini hupata madhara mara 150 mpaka 200 kwa mwaka, na sehemu kubwa husababishwa na nanga na nyavu za uvuvi. Hapo ndipo tunapoona kwamba mashua ya doria inayoiambia meli iondoke mahali isipostahili kutia nanga inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana.

Sheria nayo ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazitaka nchi ziwe na sheria za kumwadhibu mtu au meli yao inayovunja mkongo katika bahari kuu, ama kwa makusudi ama kwa uzembe. Mkataba huo huo unaeleza kwamba nahodha aliyekwisha kuchukua tahadhari zote, kisha akalazimika kuitupa nanga au wavu wake ili asiuharibu mkongo, anastahili kulipwa fidia na mwenye mkongo. Ni vyema askari wa majini wakalifahamu jambo hili na kuwaeleza wavuvi na manahodha. Mvuvi anayeogopa kupoteza wavu wake atauvuta kwa nguvu. Mvuvi anayejua kwamba sheria inamkinga ataukata na kutoa taarifa.

Tukiwa bado Kenya, tupande kaskazini mashariki, katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na pwani ya Lamu. Huko kundi la Al-Shabaab limekuwa likiilenga minara ya simu mara kwa mara. Sababu yake askari yeyote anaielewa. Mnara ukilipuliwa, kituo cha polisi hakiwezi kuomba msaada, mwanakijiji aliyeona watu wageni wakipita porini hawezi kutoa habari, na mwalimu aliyevamiwa usiku hawezi kupiga simu. Mshambuliaji anapata saa kadhaa za giza la mawasiliano. Katika sehemu hizo mnara mmoja huweza kuwa ndio pekee kwa eneo kubwa, na mafundi hushindwa kuurudia kwa haraka kwa kuhofia maisha yao. Kwa hiyo mnara ulioharibiwa usiku mmoja unaweza kuwaacha wananchi bila simu kwa muda mrefu. Hapa tunajifunza kwamba mnara wa simu mpakani una daraja moja na daraja la mto au kisima cha maji. Ni mali ya raia ambayo adui huitamani mapema.

Iko tena habari ya umeme. Tarehe 11 Januari 2022 Kenya iliingia gizani kwa saa kadhaa baada ya minara ya njia kuu ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi kuanguka. Ilionekana kwamba vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu mpaka itakapowekewa taratibu mpya. Ndugu askari, wizi wa vyuma ukisomwa katika kitabu cha kituo huonekana kuwa kosa dogo, jambo la mtu mwenye njaa na msumeno. Lakini umeme ukizimika, mnara wa simu huhesabu saa za betri yake. Mafuta ya jenereta yakiibwa, au betri yenyewe ikiibwa, saa hizo hupungua. Kwa hiyo polisi anayefuatilia duka la vyuma chakavu anailinda pia simu ya daktari na simu ya kamanda wake.

Sasa tuvuke mto Ruvuma, twende Msumbiji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga karibu na mji wa Beira, na zaidi ya watu 600 walipoteza maisha nchini humo. Upepo uliangusha nguzo na minara, umeme ukakatika, na mji wenye watu kiasi cha nusu milioni ukawa hausikiki. Kwa muda wa siku za mwanzo hata viongozi hawakuweza kupata picha kamili ya maafa, kwa sababu habari hazikuwa na njia ya kutokea. Waokoaji walipofika walilazimika kufunga vyombo vya setilaiti kwanza ili helikopta, hospitali na maghala ya chakula yaweze kusemezana. Hapakuwa na adui mwenye silaha katika Beira. Lakini jeshi lolote lililoitwa kuokoa watu lilikuta hali ile ile ya uwanja wa vita, yaani kila kundi peke yake, likifanya kazi bila kujua mwenzake yuko wapi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Machi 2021, wapiganaji wenye silaha walivamia mji wa Palma katika jimbo la Cabo Delgado, karibu na mpaka wetu. Mapema katika shambulio hilo mawasiliano ya simu yalikatika. Watu waliojificha porini na majumbani hawakuweza kujulishana njia ipi ni salama, na ndugu zao walioko mbali walikaa siku nyingi bila kujua nani yu hai. Baadhi ya waliokimbia walielekea Ruvuma. Askari aliyekuwa upande wa huku wa mto aliwaona wakimbizi kabla ya kupata habari zilizonyooka za kilichowakimbiza. Na hivyo ndivyo inavyokuwa simu zinaponyamaza upande wa pili wa mpaka: anayefika kwa miguu ndiye anayeleta habari, na askari wa mpakani anatakiwa ajue jinsi ya kumhoji kwa utu na kwa makini.

Uganda inatupa fundisho la namna nyingine. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika sehemu mbili za Kampala na kuua watu zaidi ya 70. Siku iliyofuata mkanda wa mabomu ambao haukulipuka ulipatikana mahali pengine mjini humo, na pamoja nao simu ya mkononi. Simu hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowafungulia wapelelezi njia ya kuwafikia watuhumiwa, na mwezi wa Mei 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatia hatiani baadhi yao. Lau kama simu ile ingechukuliwa na mpita njia, au ikabonyezwabonyezwa na askari mwenye udadisi, pengine kesi ingekwenda upande mwingine. Kwa polisi wa zamani kielelezo kilikuwa kisu, nyayo au karatasi. Kwa polisi wa leo simu ni kielelezo, na hapana budi itunzwe kwa taratibu zile zile: isiguswe ovyo, iandikwe ilipopatikana, saa ngapi, na nani aliyeikabidhi kwa nani.

Wala simu haitumiwi na wahalifu peke yao. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza katika sehemu zetu kuanza kutuma fedha kwa simu kwa kiwango kikubwa, pale huduma ya M-Pesa ilipofunguliwa mwezi wa Machi 2007. Miezi michache baadaye zilitokea ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Barabara zilifungwa, mabenki na maduka yakafungwa, na watu waliokwama walipokea fedha na muda wa maongezi kutoka kwa ndugu zao kwa njia ya simu. Wakati huo huo simu zile zile zilipitisha ujumbe wa chuki na uchochezi. Chombo kimoja kiliwalisha wenye njaa na kikawasha moto. Askari anayesimama kati ya makundi mawili yenye hasira hana budi kukumbuka mambo hayo yote mawili, asimnyang'anye mwananchi kitu kinachomhifadhi, wala asipuuze uvumi unaosambaa kwa kasi kuliko gari la doria.

Ndugu wasikilizaji, baada ya kuwatazama majirani, tutazame na wajibu wetu kwao. Rwanda, Burundi, Uganda, Zambia na Malawi hazina bahari. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania unakutana na majirani hao mipakani: Rusumo kwa Rwanda, Kabanga kwa Burundi, Mutukula kwa Uganda, Tunduma kwa Zambia na Kasumulu kwa Malawi. Kwa Kenya unakutana nayo Sirari, Namanga na Horohoro. Majina haya askari wa mpakani anayajua kama vituo vya ukaguzi wa magari na abiria. Ayajue pia kuwa ni milango ya mawasiliano. Katapila la mtengeneza barabara likichimba pasipostahili, au mwizi akikata mkongo kwa kudhani ndani yake mna shaba, hasara haiishii kwa mwenye shamba wala kwa wilaya. Huweza kuvuka mpaka. Na mwizi huyo, baada ya kazi yote, hukuta nyuzi za kioo ambazo hakuna mnunuzi wa vyuma chakavu atakayezipima katika mizani. Jambo hilo likielezwa vijijini kwa lugha nyepesi linaweza kuzuia wizi kuliko doria kumi.

Kutokana na hayo yote, yako mambo manne ambayo tungependa kuyasisitiza.

La kwanza ni kuijua njia. Kamanda wa kituo anayeweza kutaja kila daraja katika eneo lake, aweze pia kutaja kila mnara, kila kibanda cha mitambo na kila mahali ambapo mkongo unavuka barabara au mto. Ajue ufunguo wa uzio uko kwa nani, mlinzi wa usiku anaitwa nani, jenereta ina mafuta ya saa ngapi, na fundi wa karibu anapatikana wapi. Habari hizi hazihitaji mitambo ya gharama. Zinahitaji daftari, mguu na ujirani mwema.

La pili ni kutotegemea njia moja. Tazameni yaliyotokea mwaka 2024. Mwezi wa Februari meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilishambuliwa karibu na Yemen, mabaharia wakaiacha, nayo ikaelea ikiburuta nanga. Mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu, Seacom ukiwa mmojawapo, ilikatika siku hizo, na wachunguzi wengi waliitaja nanga hiyo kuwa ndiyo iliyokuwa chanzo. Kwa sababu ya vita, matengenezo yalichelewa kwa miezi. Kwa hiyo ajali ya Durban ilipotokea mwezi wa Mei, njia ya kaskazini ilikuwa bado na jeraha, na ya kusini ikaongezeka. Nchi yenye njia nyingi, kama Kenya pale Mombasa, iliumia kidogo. Nchi iliyotegemea njia chache iliumia sana. Kanuni hii inafaa kwa taifa, kwa kambi, na hata kwa kikosi cha watu kumi.

La tatu ni kutoitupa elimu ya zamani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Redio ya masafa marefu, ile ambayo kijana wa leo huiona kuwa kelele tupu, haihitaji mnara wa kampuni wala mkongo wa baharini. Inahitaji betri, waya wa antena na askari aliyefundishwa. Setilaiti mpya zinazozunguka chini zaidi, kiasi cha kilometa 550 tu juu ya ardhi, zimeleta njia nyingine, na mwaka 2023 huduma hiyo ilifunguliwa Rwanda, Msumbiji, Kenya na Zambia. Ni msaada mkubwa mahali ambapo nguzo zimeanguka. Lakini mwenye huduma hiyo yuko ng'ambo, na chombo chenyewe kinataka umeme. Kwa hiyo kipya kipokelewe, na cha zamani kitunzwe. Kila kikosi kifanye mazoezi, walau mara moja kwa kipindi, ya kupitisha amri siku nzima bila simu ya mkononi. Siku ya kwanza ya zoezi hilo huwa ya aibu kidogo. Afadhali aibu ya mazoezini.

La nne ni nidhamu ya simu iliyo mfukoni. Hapa tutoke kidogo nje ya ujirani wetu, kwa kuwa mfano ulio wazi uko Ulaya. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2023 makombora ya Ukraine yaliangukia jengo walimokuwa wamelala askari wa Urusi katika mji wa Makiivka. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilitaja vifo 89, ikasema kwamba sababu kubwa ilikuwa askari wake kutumia simu za mkononi kwa wingi mahali walipokatazwa. Simu iliyowashwa hujitambulisha kwa mnara hata pale mwenyewe asipozungumza. Picha moja iliyotumwa kwa mchumba huweza kuonyesha kilima, bendera, gari na idadi ya mahema. Askari hazuiwi kuwapenda jamaa zake. Anachotakiwa ni kujua saa na mahali pa kuizima.

Ndugu wasikilizaji, hatukusudii kuwatisha watu waikimbie mitambo mipya. Simu ya mkononi imeokoa maisha ya wajawazito, imemletea mkulima bei ya mazao yake, imemfikishia mzee fedha kutoka kwa mtoto aliye mbali, na imempa polisi taarifa ambazo zamani zingemfika baada ya siku tatu. Manufaa hayo ndiyo yanayofanya ulinzi wake uwe na uzito. Kitu kisicho na faida hakuna anayekivizia.

Mikongo iliyokatika mwezi wa Mei 2024 ilitengenezwa na mafundi waliokwenda kwa meli, wakaivua miisho yake kutoka chini ya bahari, wakaunganisha nyuzi za kioo moja moja, kisha wakairudisha majini. Hiyo ni kazi yao, na wanaistahilia sifa. Kazi ya askari ni ile inayotangulia ajali: kuiambia meli isogee, kumkamata mwizi wa betri, kumweleza mchimba barabara mahali pa kuchimba, kupita usiku penye mnara ulio peke yake porini, na kuwa na redio iliyojaa chaji siku ambayo kila simu itanyamaza. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, mwananchi wa Kigali, wa Lilongwe au wa Lusaka atazungumza na jamaa yake bila kujua kwamba askari fulani wa Rusumo au wa Tunduma alikesha.